Nguli wa Nukushi wa Kagoma

Mtaalamu alisimama. Alikohoa mara mbili, akafunga vifungo vya koti ambalo jua la saa nane mchana halikulihitaji, kisha akaitazama hadhira yake kwenye kibaraza cha steshenari pale Kagoma, kando ya lami iendayo Muleba. Walikuwepo madereva bodaboda watatu, fundi cherehani, kijana wa kutoa kopi, mama mmoja muuguzi mstaafu aliyeshika bahasha ya kaki, na mbuzi wa jirani. Ndipo akatangaza mada ya siku: "Nafasi ya Nukushi ya Mtandaoni katika Ustaarabu wa Mwanadamu, kwa Kurejelea Hali Halisi ya Kata ya Kagoma."

Mbuzi akaondoka.

Wengine walibaki, kila mmoja na sababu yake. Bodaboda hawakuwa na abiria. Fundi alikuwa na suruali ya kumaliza, na mikono ikifanya kazi masikio hukaa bure. Kijana wa kopi ndiye mwenye kibaraza. Mama muuguzi ndiye aliyekuwa na shida yenyewe.

Mkoani Kagera mtu wa aina ya Mtaalamu ana jina lake: nshomile. Kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma", na Watanzania wa mikoa mingine hulitumia kuwatania Wahaya wote, hata yule aliyeishia darasa la saba. Mtaalamu halioni kuwa ni utani. Kwake ni cheo. Shahada zake hajawahi kuzitaja moja moja; huzitaja kwa wingi, kama mtu anavyotaja migomba ya shambani kwake.

Shida ya mama ilikuwa hivi. Mwanawe anafanya kazi Marekani na amemwandikisha kwenye bima yake ya maisha. Kampuni ya bima ikataka fomu ya kurasa tatu yenye sahihi ya mama, pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Chini ya fomu ziliandikwa njia mbili za kuirudisha: anwani ya posta na namba ya nukushi. Barua pepe haikutajwa popote. Mama alijaza fomu kwa kalamu ya bluu, akaenda kwa mtendaji wa kata akagongewa mhuri ambao hakuna Mmarekani aliyeuomba, kwa kuwa karatasi isiyo na mhuri kwetu ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Kisha akauliza pale steshenari: mashine ya faksi iko wapi?

Haikuwepo. Alikuwepo Mtaalamu.

"Waitu," alianza, akinyanyua kidole, "nukushi ni mtoto wa simu. Simu ilizaa, Wajapani wakalea."

Kijana wa kopi, ambaye elimu yake ni kidato cha nne na bando la wiki, alikuwa ameshatazama kwenye simu. "Samahani, mzee. Hapa wanasema mtoto kamzidi mzazi umri."

Ni kweli. Alexander Bain, fundi saa aliyezaliwa kwa mkulima mdogo wa Caithness, kaskazini kabisa mwa Uskoti, alipata hataza ya mashine ya kunakili maandishi kwa waya wa umeme mwaka 1843. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Miaka 33 kabla binadamu hajasema "halo" kwenye waya, kulikuwa na mtu aliyekwisha kuwaza jinsi ya kupitisha humo sura ya karatasi. Bain alitumia mapendulo mawili, moja kila upande wa waya, yakibembea kwa mwendo mmoja. La huku likipapasa herufi za chuma, la kule likichora alama zake kwenye karatasi yenye dawa.

"Hilo nilikuwa nalijia," alisema Mtaalamu.

Hakuwa analijia. Ila tangu hapo kijana alipewa cheo cha Katibu wa Utafiti, na hotuba ikapata mifupa. Katibu ndiye aliyemleta Giovanni Caselli, padri wa Kiitaliano, ambaye mashine yake iliyoitwa pantelegrafu ilianza kuhudumia wateja kati ya Paris na Lyon mwaka 1865. Ingeweza kubeba hata michoro na barua za mapenzi. Kazi kubwa iliyoipata ni ya benki: kuhakiki sahihi. Hapo inafaa kusimama kidogo, maana Mtaalamu hakusimama. Telegramu ya kawaida ilikuwa tayari inabeba maneno, kwa haraka na kwa bei ndogo. Kilichoyafanya mabenki ya Ufaransa yalipie mashine yenye urefu kupita mtu ni ule mkunjo wa wino ambao mtu mmoja tu duniani anaweza kuuandika. Kilichomleta mama wa Kagoma kibarazani ni mkunjo huohuo, miaka zaidi ya 150 baadaye.

Sehemu ya pili ya hotuba ilihusu nyumbani. Mtaalamu alidai kwamba Kagera iliijua nukushi "kabla ya watu fulani", akatazama kusini-mashariki, upande wa Mwanza. Hakutoa ushahidi. Ushahidi mwingine, hata hivyo, uko kwenye kabati la kila ofisi. Chukua barua ya zamani ya halmashauri, ya mkoa, ya dayosisi au ya chama cha ushirika, usome pale juu: Simu, halafu namba inayoanza na 028, msimbo ambao Kagera inauchangia na Mwanza na Mara, na chini yake, Nukushi. Baadhi ya vichwa hivyo vya barua vinaendelea kuchapishwa hivyohivyo mpaka sasa, ingawa ukipiga namba hiyo utaambiwa haipo. Mtaani neno lililoshika ni faksi. Nukushi limebaki ofisini, limevaa tai.

Mashine zenyewe zilishamiri zama zile ambazo simu zote zilikuwa chini ya paa moja na posta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na shirika lake la posta na simu, ambalo mwaka 1994 liligawanywa: posta upande wake, simu upande wake kwa jina la TTCL. Laini ya shaba ilikuwa mali, na mashine ya nukushi ilikaa kwa katibu muhtasi, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Nyingi zilitumia karatasi ya kuviringishwa inayochorwa kwa joto. Karatasi hiyo ilikuwa na tabia moja mbaya: ukiiacha dirishani, maandishi hupauka mpaka ikarudi kuwa nyeupe. Kwa hiyo ofisi iliyopokea nukushi muhimu ilikimbia kuitolea kopi, ikahifadhi kopi, ikatupa nukushi.

Sehemu ya tatu, kusema kweli, Mtaalamu aliongea jambo. Alieleza kwa nini huwezi kuchomeka mashine ya faksi kwenye simu ya mkononi ukamaliza mchezo. Nukushi haisemi maneno, inalia. Mashine inayopiga hutoa mlio wa nusu sekunde, ikanyamaza sekunde tatu, ikalia tena. Ya pili hujibu kwa mlio mrefu na mwembamba zaidi. Zikishasalimiana, ukurasa mzima hugeuzwa kuwa milio. Mtandao wa simu za mkononi, nao, hubana sauti. Hubakiza kile ambacho sikio la binadamu linahitaji ili lielewe mazungumzo, kingine hutupa. Kwa mtu anayesalimia shangazi yake hakuna hasara. Kwa nukushi, kilichotupwa ndicho barua yenyewe.

"Ni sawa na kumkamua chungwa," alisema, "halafu ukampelekea mgeni maganda." Fundi cherehani alitikisa kichwa kukubali, sindano mdomoni. Kosa la sarufi lilipita bila kuulizwa.

Huduma ya mtandaoni inakwepa kikwazo hicho kwa ujanja. Unapakia faili lako kama vile unatuma barua pepe. Linasafiri kwa intaneti ya kawaida. Mkongo wa Taifa umepita Kagera na kuvuka kwenda Uganda kupitia Mutukula, kwa hiyo njia ipo. Likifika kwa mwenye huduma, kompyuta yake inaligeuza kuwa picha ya nyeusi na nyeupe, kisha inaipigia simu mashine ya upande wa pili na kulia kama mashine ya mwaka 1980. Mwaka huo umetajwa kwa makusudi: ndipo kiwango cha kimataifa kinachotumika mpaka leo kilipokubaliwa, cha vitone 1,728 kwa kila mstari na ukurasa kwenda kwa dakika moja au chini yake. Kwa lugha ya kijiweni, ni barua pepe iliyovaa kanzu ya babu ili iruhusiwe kuingia barazani.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Carl Malamud na Marshall Rose, walianzisha jaribio la kutuma nukushi bure kwa barua pepe, na anwani ilikuwa ni namba ya simu iliyoandikwa kinyumenyume, nukta kati ya kila tarakimu. Miaka miwili baadaye mwanamuziki wa Kijerumani, Jaye Muller, aliyechoka kukosa nukushi zake akiwa safarini kwenye maonesho, alianzisha kampuni ya JFAX ili zimfuate kwenye barua pepe. Mtaalamu alipopewa habari hiyo na Katibu wake alifurahi mno. Alisema yeye pia huimba.

Ndipo ikaja taarifa ya majaribio, iliyoitwa "Matokeo ya Uwandani". Kwa siku tatu Mtaalamu alikuwa amejifungia na kompyuta ya steshenari, kwa bando la steshenari, akijaribu huduma za bure. Alizichagua za bure kwa misingi ya kisayansi. Huduma za namna hiyo nyingi zina masharti yanayofanana: kurasa chache kwa siku, Marekani na Kanada tu kwa sababu kupiga simu huko ni senti chache, na ukurasa wa mbele wenye tangazo. Ukitaka kurasa zaidi au nchi nyingine unalipa kwa kadi. Kwa mtu anayetuma nukushi mara moja kwa miaka kumi, kulipia kwa mwezi ni kununua ng'ombe kwa ajili ya chai ya mgeni mmoja. Anayelipia kila nukushi peke yake anaumia kidogo zaidi kwa ukurasa lakini anamaliza na kuondoka. Ushauri huo ndio pekee katika hotuba nzima uliostahili kuandikwa ubaoni, na Mtaalamu aliupitia mbio.

Jaribio la kwanza lilianguka kwa sababu ya elimu. Mtaalamu anajua kwamba ukiwa Tanzania unapiga nje ya nchi kwa kuanza na 000, na kwamba Kenya ni 005 na Uganda 006. Akaanza namba ya bima na 000. Huduma, ambayo haipigi kutoka Kagoma bali kutoka hukohuko Marekani, ikaikataa namba. Kinachotakiwa ni alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, basi.

Jaribio la pili lilikuwa la kusikitisha zaidi. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, na saa nne asubuhi ya Kagoma, ambayo mashariki mwa Marekani ni saa nane au tisa usiku kutegemea majira, simu ya mtu ikalia kitandani kwake. Aliyepokea alisikia mlio wa nusu sekunde, kimya, mlio. Akakata. Mashine, kwa adabu iliyofundishwa, ikasubiri kidogo ikapiga tena. Ilijaribu mara tatu. Taarifa iliyorudi Kagoma ilisema simu imepokelewa na binadamu. Mtaalamu aliihesabu kuwa ni mafanikio ya asilimia hamsini.

Jaribio la tatu lilifika. Neno hilo lina mtego wake: "imefika" maana yake mashine ya kule imekiri kupokea kurasa. Kama zinasomeka, kama ziko mezani kwa mhusika au sakafuni, haisemi. Siku ya pili mtoto wa mama aliambiwa na bima kuwa wamepokea kurasa tano, mojawapo ikiwa tangazo, na kwamba sahihi haionekani ila kuna duara jeusi. Bluu ya kalamu ilikuwa imepauka mpaka mashine ikaihesabu kuwa nyeupe. Mhuri wa mtendaji, wa zambarau iliyoiva, ulihesabiwa kuwa mweusi wote. Picha ya kitambulisho ilimwonesha mama kama mtu aliyepigwa picha ndani ya stoo ya mkaa. Kalamu nyeusi na ubora wa juu, unaozidisha mistari ya ukurasa mara mbili, vingeokoa siku. Hakuna aliyemwambia mama.

Mtaalamu hakutetereka. Lawama aliitupia teknolojia ya mataifa mengine, na hapo, kwa bahati, alikuwa na mifano. Hospitali za umma za Uingereza zilikutwa mwaka 2018 na mashine karibu 9,000, serikali ikapiga marufuku kununua mpya kuanzia Januari 2019 na kutaka zilizopo ziondoke kabla Machi 2020 haijaisha. Japani, mwaka 2021, waziri Taro Kono aliagiza ofisi za serikali ziachane na nukushi. Maofisa wakaleta pingamizi kwa mamia, na agizo likanywea. Marekani, hospitali na makampuni ya bima bado wanaipenda. Wanasheria wao wameizoea, na waya wa simu kwao una heshima ya siri ambayo barua pepe haijapewa. Huku kwetu, ambako tunahesabiwa kuwa nyuma, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki. Kwa hiyo mama wa Kagoma, aliye na simu ya kupangusa, ndiye anayehangaika kutafuta mashine ya zamani ili aingie kwenye ofisi ya nchi tajiri.

Kuna jambo ambalo Mtaalamu alilitaja kwa fahari na lingefaa kutajwa kwa aibu. Ili kupata "takwimu linganishi", aliipakia fomu ya mama, pamoja na kitambulisho, kwenye huduma tano tofauti. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, sahihi na jina la mtoto sasa vimelala kwenye kompyuta za watu watano asiowajua, katika nchi ambazo hakuangalia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Lakini sheria haiwezi kukimbilia faili ambalo mtu amelipandisha mwenyewe akisindikizwa na kahawa. Kujaribu huduma hizi kunahitaji karatasi isiyo na siri. Ukurasa wa bei ya ndizi ungetosha.

Baada ya saa moja na robo Mtaalamu alikaribisha maswali. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye muda wote alionekana amesinzia juu ya tanki, alinyanyua mkono.

"Mzee, shikamoo. Kwa nini mama asimtumie mwanawe hizo karatasi kwa WhatsApp, yeye akazifaksi hukohuko?"

Kimya kilipita. Kisha fundi cherehani akatema sindano akaanza kucheka, akafuata kijana wa kopi, wakafuata bodaboda wote. Wilaya ya Muleba ina historia na kicheko: katika shule ya wasichana ya Kashasha, tarehe 30 Januari 1962, wanafunzi watatu walianza kucheka, kikawaambukiza 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Cha kibarazani kiliisha kwa dakika nne, mama muuguzi alipopangusa machozi na kusema inatosha, jamani, mzee wa watu amejitahidi.

"Swali zuri," alijibu Mtaalamu. "Liko nje ya mada."

Jioni hiyo mama alijaza fomu upya kwa kalamu nyeusi, bila mhuri. Kijana wa kopi aliziskani kurasa, akazituma kwa simu. Mtoto wake alizichapa, akaingia duka la kutuma vifurushi karibu na anapokaa, ambako mashine ya nukushi bado ipo kwenye kona, akalipia kurasa nne. Bima ilithibitisha kesho yake.

Bili ya bando la siku tatu na vikombe sita vya kahawa imebandikwa ukutani pale steshenari, kwa herufi kubwa. Hotuba ijayo ni Jumamosi, saa nane mchana, kibaraza kilekile, mada ikiwa ni teleksi. Anayetaka kuhudhuria aje na kigoda chake.